Maneno ya Mezani

Neno la kwanza la Kihispania nililomfundisha Twalib lilikuwa la kuitisha bili. La cuenta, por favor. Nikamwambia alitamke kwa upole, maana hiyo por favor ndiyo tafadhali yao, na Mhispania akiisikia uso unalainika. Twalib akakohoa, akaweka mkono kiunoni, akalitamka kama mgambo anayekamata baiskeli isiyo na kengele. Ndivyo alivyokuwa. Hata salamu yake ilikuwa na madai ndani yake.

Mwaka ule wa tisini na nne Musoma nzima ilikuwa inanuka sangara. Kiwanda cha nguo kilichotulea kilikuwa mahututi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliotolewa ili mgonjwa apate kupumua. "Kupunguzwa" ndilo neno walilotumia. Serikali ilinipeleka Kuba nikiwa msichana, nikajifunza kuchanganya rangi za nguo, na Kihispania kikaniingia mpaka nikawa naota kwacho. Niliporudi nikakuta kiwanda hakina rangi, hakina uzi, mara nyingine hakina hata mafuta ya kuendeshea mashine. Basi nikawa nachanganya rangi kwa mdomo tu, vikaoni. Mwisho wa yote nikaishia sokoni nauza mitumba, yaani nguo zilezile zilizoziua nguo zetu. Mume wangu alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu, akaipata yenye miguu miwili, akabaki nayo hukohuko.

Nilikuwa nimepanga vyumba viwili mtaa wa Kitaji. Kaka yangu Wegesa, wa Butiama, alinitumia salamu kwa kila mwenye safari: "Mwambieni Nyamburi nyumbani kupo." Maneno matamu, lakini mimi nilinyonya ziwa moja na Wegesa, namjua. Dada aliyeshindwa na mji, kwa kaka yake ni mikono ya ziada shambani. Nilikuwa nimeapa: kama ni kuuza suruali za marehemu wa Ulaya mpaka nizeeke, nitauza, lakini Butiama sirudi na furushi kichwani.

Ndipo akaja Don Anselmo. Alikuwa Mhispania wa makamo, shingo imeungua jua mpaka imekuwa rangi ya nyanya, ametumwa na kampuni ya kwao iliyokuwa inataka minofu ya sangara. Alitafuta wakala wa kumkusanyia samaki kwenye mialo wanakoshushia wavuvi, mtu mwenye mitumbwi, barafu na gari. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na cha matajiri wetu kilikuwa hivyohivyo, kwa hiyo kila aliyekwenda kumwona alirudi anasema mzungu yule ni mwema sana, ila hakuna walichoelewana.

Twalib alikuwa na duka Mwisenge na mitumbwi ya injini. Mwenzake, Mihayo, alikuwa mtu wa Bunda mwenye lori. Lori hilo lilikuwa linabeba pamba ya ushirika, na soko lilipoachiwa huria ushirika ukayumba, lori likabaki kubeba mchanga na maharusi. Siku moja wakanijia kwenye meza yangu ya mitumba, Twalib akiinua blauzi moja baada ya nyingine kana kwamba ananunua.

"Dada Nyamburi," akasema, "wewe si ulikuwaga Kuba?"

"Nilikuwa."

"Na hawa Wahispania, lugha yao si ndiyo ileile?"

"Ni ileile."

Akairudisha blauzi mezani, hata hakuikunja. "Basi njoo tunywe chai."

Chai tuliinywa kwa Mwanahalima, dada mkubwa wa Twalib, aliyekuwa na hoteli ndogo karibu na soko la samaki. Ukutani juu ya kaunta alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: Kukopa harusi, kulipa matanga. Pale ndipo tulipokubaliana. Mitumbwi ya Twalib, lori la Mihayo, ulimi wangu. Uwakala ukipatikana, tutakuwa watatu na sehemu zetu zitakuwa sawa.

"Sawa kabisa?" nikauliza.

"Wallahi, sawa," Twalib akasema.

Mwanahalima alikuwa anamimina chai. Akasimamisha birika hewani. "Twalib, umeapa mbele yangu."

"Nimeapa, dada."

Hatukuandikiana. Mtu akishaapa mbele ya dada yake mkubwa, ukimwomba karatasi umemtukana. Niliondoka pale natembea kama mwenye viatu vipya. Njiani nikaanza kuhesabu vitu ambavyo sitavifanya tena: sitapiga kelele "chagua kwa mkono" sokoni, sitamkimbia mwenye nyumba mwisho wa mwezi, sitakwenda kulima kwa Wegesa.

Masomo tuliyafanyia palepale hotelini, saa za alasiri wateja wakiwa wachache. Nilidhani watataka maneno ya samaki, ya mizani, ya barafu. Twalib akakataa.

"Hayo utayasema wewe. Mimi nipe maneno ya mezani. Biashara ya wazungu inamalizikia kwenye chakula, nimeambiwa. Nataka nimwalike, nimlishe, nilipe, kwa lugha yake."

Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye mkalimani anataka maneno ya kwake mwenyewe. Nilifurahi tu kupata wanafunzi. Tangu nirudi kutoka Kuba hakuna aliyewahi kuniuliza neno hata moja.

Nikawafundisha Invito yo: mwaliko ni wangu, nalipa mimi. Hilo walilipenda mara moja, wakawa wanapigiana kelele nalo mpaka mpishi akachungulia. Nikawafundisha Pagamos a medias: tulipe nusu kwa nusu. Hapo nyuso zikabadilika kidogo. Nilipofika kwenye Cada uno paga lo suyo, kila mtu alipe chake, Mihayo akaweka kikombe chini.

"Subiri, mwalimu. Watu wamekaa meza moja, wamekula, wamecheka, halafu kila mtu analipa sahani yake?"

"Ndiyo. Si kwa ubaya. Ni ili mtu asimwelemee mwenzake."

"Sasa wanaitanaga kula ya nini? Si kila mtu abaki kwake na sufuria yake?" Akatikisa kichwa. "Huku kwetu ukimwambia mtu alipe chake, umemfukuza. Mimi hiyo sijifunzi."

"Ni wewe unayelipa au mimi?" Twalib akamcheka. "Mimi nifundishe, dada. Mtu hajui itamfaa lini."

Mihayo alishangaa kama mgeni wa dunia. Mwaka ule ule si ndio tulikuwa tunaambiwa tuchangie? Hospitali uchangie, shule uchangie, dawa ununue mwenyewe. Wakubwa walikuwa wamekula miaka mingi, na bili ilipofika wakaisukuma upande wetu wa meza. Nilimwambia hivyo. Akasema hayo ni mambo ya serikali, yeye anazungumzia watu.

Neno la mwisho lilikuwa Ya está pagado. Imeshalipwa.

"Hili ndilo lenyewe," Twalib akasema. "Unalipa kimyakimya, mgeni akiuliza unamwambia tu, imeshalipwa. Limekaa kitajiri." Akaenda nalo dukani kwake. Nikawa nasikia anawaambia wateja wanaochukua kiberiti, ya está pagado, ya está pagado, na watu wanacheka.

Karamu ikapangwa mchana, kwa Mwanahalima. Asubuhi yake Twalib akanivuta pembeni.

"Dada, wewe utakaa huko ndani na Mwanahalima. Mgeni akitushinda, tutakuita."

"Mkalimani anakaa jikoni?"

"Mezani ni wanaume, unajua tena."

"Ni heshima tu, mwalimu," Mihayo akaongeza, huku anatazama chini. Angalau yeye aliona haya.

Nikameza. Nilikuwa na njaa ya sehemu yangu kuliko njaa ya heshima. Nikajifunga khanga juu ya gauni nililolichagua kwenye robota la mitumba zuri kuliko yote, nikasaidia kuparua sato.

Don Anselmo akafika, akakaribishwa kwa Kihispania cha Twalib, akaketi. Mtu wa kumnawisha akakosekana, Mwanahalima alikuwa na sufuria mikononi, nikachukua birika na beseni nikatoka. Nikamwambia mgeni kwa lugha yake awe mwangalifu, maji yana moto kidogo. Akageuka ghafla, maji yakamwagikia mezani.

Akaniuliza nilikojifunzia. Nikamwambia Kuba. Akaniuliza mji gani, nikamtajia, akasema mjomba wake aliishi huko, akaanza kunisimulia habari za huyo mjomba mikono ikiwa bado inachuruzika maji. Kisha akavuta kiti kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia niketi. Tabasamu la Twalib likabaki usoni halina mwenyewe.

Basi nikaketi, na nikafanya kazi. Nasema kweli, siku ile nilifanya kazi kama sijawahi kuifanya. Walikula sato wa kukaanga na ugali, mimi sikumega hata tonge, kinywa kilikuwa na shughuli nyingine. Twalib alipojisifia mitumbwi asiyokuwa nayo, nilimtafsiria ile aliyonayo tu. Mihayo alipoona aibu kusema lori lake ni la zamani, nilisema ni lori linaloijua barabara. Don Anselmo alipouliza juu ya barafu, niliwageukia wenzangu, tukashauriana Kiswahili kwa haraka, nikampa jibu lililosimama. Mpaka sahani zinaondolewa, alikuwa ameshasema kwamba amepata watu wa kufanya nao kazi. Nikawatafsiria. Twalib akanipa mkono chini ya meza, akanibana vidole kwa furaha. Hilo nalikumbuka pia, nisije nikaonekana nampaka masizi tu.

Kisha akanyoosha shingo, akaita kwa sauti ya mgambo: "La cuenta, por favor!"

Mwanahalima akaileta mwenyewe, kwenye kisosi.

Sasa huku kwetu watu waungwana hawalipi bili kimya. Wanaigombea. Mmoja anatia mkono mfukoni, mwingine anaudaka mkono ule, "niachie mimi," "hapana, haiwezekani," wanasukumana mpaka viti vinalia, na mwishoni mwenye mwaliko anashinda na wote wanajisikia vizuri. Ni mchezo mzuri, ila una sharti moja: lazima pawe na mmoja aliyekuja na hela kweli.

"Invito yo!" Twalib akasema, akatia mkono mfukoni.

"Invito yo!" Mihayo akamdaka.

Don Anselmo akacheka kwa furaha, akaniambia hata kwao ni hivihivi. Wakasukumana. Wakaendelea kusukumana. Nikaanza kuona kwamba Twalib ameshikwa mkono na hajitahidi kuutoa, na Mihayo amemshika kwa vidole viwili tu. Twalib alikuwa anategemea dada yake aseme, haya, mtalipa siku nyingine. Mihayo alikuwa anategemea mwenyeji wa mji. Na Mwanahalima, ambaye alikuwa amemkopesha ndugu yake mpaka akachoka, alikuwa amerudi kusimama kaunta, kisosi mkononi, chini ya maandishi yake mekundu.

Cheko la Don Anselmo likapungua. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Polepole akatoa pochi yake.

Nilimwona Mwanahalima amefumba macho. Mgeni ajilipie chakula alichoalikwa! Jambo hilo lingesimuliwa kila kilabu na kila mwalo mpaka wajukuu zetu wazeeke. Na uwakala je? Nani atawakabidhi fedha za barafu watu walioshindwa na ugali? Niliona Kitaji inaondoka, niliona shamba la Wegesa linakuja. Nikainuka kama ninayefuata vijiti vya meno, nikaenda kaunta, nikafungua pindo la khanga. Mle mlikuwa na hela ya robota langu lijalo, mtaji wangu wote. Nikalipa.

Nikarudi, nikaketi, nikamwambia mgeni arudishe pochi. "Ya está pagado."

Don Anselmo akanitazama, akainua glasi yake ya soda kunielekea. Akasema kwa lugha yake: kumbe mkubwa wa hapa ni wewe, señora, yaani bibi.

"Anasemaje?" Twalib akauliza.

"Anasema chakula kilikuwa kizuri."

Lakini glasi ilikuwa imenielekea mimi, na macho hayahitaji mkalimani. Mihayo akaikunjua mikono yake mezani, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Wakamsindikiza mgeni nje, wakaondoka naye. Hakuna aliyerudi kuniambia ahsante.

"Umewaokoa," Mwanahalima akaniambia, huku anafuta meza. Kisha akaacha kufuta. "Ila ungeniambia mimi kwanza, mdogo wangu. Ningewaandikia deni, hata kama nimechoka. Mwanaume ukimwokoa mbele ya watu hakusamehi."

Nilidhani ni maneno ya mwanamke aliyechoshwa na ndugu yake. Nikarudi kwenye meza yangu ya mitumba kuuza mabaki, nikingoja kuitwa. Siku zikapita. Mihayo alionekana mjini, lori limepigwa rangi, hakupita kwangu. Twalib nikimpelekea mtu, naambiwa amekwenda mwaloni.

Aliyepita ni Don Anselmo. Alikuja sokoni kuniaga, anasafiri kwao, ndege yake inamsubiri Mwanza. Akanishukuru kwa siku ile. Akasema mambo yamekaa vizuri, wameshasaini, amepatikana karani wa kutoka Mwanza anayejua Kiingereza wa kuandika mkataba.

"Wamesaini nani?" nikauliza.

"Bwana Twalib na bwana Mihayo." Akaona uso wangu. "Nilimwuliza, señora. Nilimwuliza bwana Twalib kupitia karani, na yule señora, sehemu yake ni ipi? Akanijibu kwa Kihispania safi, ya está pagado. Nikaelewa kwamba ulikuwa mkalimani wa kukodi na wamekwisha kukulipa."

Nikamweleza yote, pale pale juu ya rundo la suruali: kiapo, sehemu tatu, bili. Alisikitika, simsingizii. Alivua kofia. Akasema laiti angejua, lakini karatasi imeshasainiwa, na haya ni mambo ya wenzi wenyewe, mgeni haingilii. Akatazama saa. Huzuni ya mtu anayewahi ndege ni fupi, hata ikiwa ya kweli. Akanipa mkono, akaenda zake.

Nilifunga meza, nikashika njia ya Mwisenge kwa miguu. Twalib nilimkuta anampimia mama mmoja sukari, na aliendelea kupima. Mihayo alikuwa amekaa juu ya kreti la soda.

"Dada Nyamburi, tusiongee kwa hasira," Twalib akasema, yule mama alipotoka.

"Uliapa mbele ya dada yako."

"Niliapa. Lakini na wewe uliharibu."

"Niliharibu nini?"

Akamtazama Mihayo, na Mihayo ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Ulitulipia, mwalimu."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akarudia. "Mimi nina wake wawili na ng'ombe. Bunda nzima sasa wanasemaga Mihayo alinunuliwa ugali na mwanamke wa mitumba. Mbele ya mzungu. Na mzungu akakuinulia glasi wewe."

"Mngekuwa na hela, ningelipa mimi?"

"Ungetuacha tuaibike wenyewe."

"Mngeaibika na uwakala ungekwenda!"

"Ungekwenda," Twalib akasema. "Lakini mtu angebaki na uso wake. Sasa nikae na wewe kwenye biashara kila siku, nakuona unaniona? Siwezi, dada. Kweli tupu, siwezi."

"Kwa hiyo uwakala mnao, na uso mnao. Mimi nina nini?"

Twalib hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alifungua droo, akatoa noti, akazifunga kwenye kipande cha gazeti kama anavyofunga chumvi. Akaniwekea mkononi. "Hela yako ya chakula. Yote. Sisi si wezi." Kisha akasema, na kwa mara ya kwanza akalisema kwa ule upole niliomfundisha: "Ya está pagado."

Niliipokea. Wapo watakaosema wao wangemtupia usoni. Hao hawajawahi kulala bila mtaji. Niliipokea, nikatoka, na kila hatua nilijua kwamba kwa kuipokea nimeufanya uongo wake kuwa kweli. Nililia njia nzima kutoka Mwisenge, mchana kweupe, na watu wananipisha.

Nilipokwenda kwenye ghala la marobota nikakuta bei imepanda. Shilingi ilikuwa inashuka kila ukiamka, na robota linanunuliwa kwa dola. Hela ile iliyokuwa robota zima sasa ilikuwa robota lisilotimia, na hakuna anayeuza nusu. Nikaila. Nikaila na kodi, nikaila na unga, mwenye nyumba akanivumilia kadiri ya uvumilivu wake, na siku ilipofika nikafunga furushi.

Nilipita kwa Mwanahalima kumuaga. Akanipa chai na kitumbua, akakaa nami. Twalib na Mihayo wakaingia na watu wao wa barafu, wamenenepa. Twalib akaniona. Akaona furushi pia. Nadhani moyoni alitaka kufanya jema, na kwake yeye jema lisiloonekana si jema.

"Invito yo!" akaita hoteli nzima isikie. "Chai ya mwalimu wangu nalipa mimi!"

Watu wakageuka, wakacheka kwa kupendezwa. Mwanahalima akaniminya goti chini ya meza, nikubali, yaishe.

"Cada uno paga lo suyo," nikasema.

Twalib akacheka kwa nguvu, akawageukia watu wake. "Mnamsikia? Huyu ndiye aliyenifundisha!" Mihayo hakucheka. Alikuwa amekataa kujifunza neno lile, na kumbe ndiye aliyelielewa. Akavuta kiti akaketi, akanipa mgongo.

Nikaweka hela yangu mezani. Mwanahalima akanirudishia, nikaiweka tena. Ilikuwa nauli. Kiburi ni kitamu, lakini nacho kina bili yake, na iliyobaki mkononi ilinifikisha Makutano tu. Kutoka pale mpaka Butiama nilikwenda kwa miguu, furushi kichwani, vilevile nilivyoapa kwamba sitarudi.

Wegesa alinipokea vizuri. Lazima niseme hivyo. Alinitua furushi mwenyewe, mkewe Helena akakamata jogoo, watoto wakanikalia mapajani. Tukala sahani moja, mikono yote humo, na kila nikitaka kuacha wifi ananisukumia paja la jogoo. "Kula, wifi, kula, hapa ni kwenu." Hakuna aliyeniuliza mji umenitenda nini. Nililala nimeshiba, nikaanza kujilaumu kwamba nilimdhania kaka yangu vibaya miaka yote ile.

Asubuhi nilipofungua mlango nikakuta jembe limeegemezwa ukutani, upande wangu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo wahenga walivyosema. Mimi sikupewa hata hizo mbili. Nilijaribu mpini, ukanikaa sawasawa, umekatwa kwa kimo changu. Ulikuwa haujawahi kushikwa na mtu, lakini ulikuwa umekwisha kukauka, na mti mbichi haukauki kwa usiku mmoja. Nikalichukua, nikamfuata wifi yangu shambani.